Siku Tuliyozima Mota Mbele ya Moto

Hata sasa, mwanangu, naikumbuka asubuhi ile ziwa Kivu lilipochemka. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulikuwa umepasuka, moto umeshuka katikati ya mji wa Goma, umekula nyumba na maduka, ukaingia majini. Mimi nilikuwa kijana, naendesha boti ya mbao yenye mota ya nyuma, najivuna nayo kweli kweli. Tulisogea pwani kuchukua watu, kisha tukageuza kuelekea Minova. Boti ilijaa akina mama, watoto na magodoro. Mke wangu Furaha alikaa karibu na mota, mtoto wetu mgongoni.

Mota ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Huyavuta, huyazungusha ndani, kisha huyatema nyuma kwa mchirizi mwembamba. Sisi watu wa boti husema inakojoa; isipokojoa, huungua. Siku hiyo maji yenyewe yalikuwa ya moto, tena yamejaa mchanga mweusi wa volkano. Hatujafika mbali, Papa Bahati, fundi wetu mzee, akapaza sauti.

"Haikojoe tena! Zima, mutoto yangu, zima mbiyo!"

Nizime? Moshi umefunika anga, na upepo unatusukuma kule kule tulikotoka! Mkono wangu ulikataa. Kati ya abiria alikuwamo askari mmoja wa waasi walioushika mji wakati huo, kijana kama mimi, naye akaninyooshea bunduki.

"Endesha! Ukizima, napiga masasi!"

Furaha akanyoosha mkono, akaizima yeye mwenyewe.

"Ukinipiga, mota itapona?" akamuuliza. "Ikikufa hapa, tutarudia fasi ya moto sisi wote."

Sikujua kwamba nimeoa mwanamke mwenye moyo huo. Askari hakupiga, na mota ilipokwisha kuzimika ndipo tukasikia. Mwanangu, sauti ile siwezi kukuigizia. Mlima ulikuwa unaingia ziwani: jiwe jekundu, zito, likitambaa polepole bila kumjali mtu, na maji yakilia, yakipanda juu kuwa mawingu meupe. Mama mmoja alianza kusali, akaacha katikati, akabaki anatazama tu. Niliogopa sana. Lakini pia niliona ni kitu kizuri, na sioni haya kusema hivyo.

Papa Bahati akatuamuru tupige kasia. Wenye kasia wakashika kasia, wengine wakachukua mbao, tukashindana na upepo mpaka tukafika kwenye maji baridi. Yeye akafungua mota. Mchanga ulikuwa umeziba njia ya maji, na ule mpira wa kuzuia maji yasivuje ulikuwa umeungua, ukabomoka vidoleni mwake.

"Nataka ngozi," akasema. "Ngozi ya kweli."

Askari akaweka bunduki chini, akavua mkanda wake, akampa. Kisha akashika ubao akapiga kasia pamoja nasi. Papa Bahati akaichana ngozi mpaka ikawa nyembamba, akaikata kwa wembe kufuata umbo la kifuniko, akaipaka mafuta, akafunga. Tukasubiri chuma kipoe, na kusubiri kule kulinizeesha. Nilipovuta kamba mota ikawaka, ikakojoa, na boti nzima ikashangilia mkojo!

Tulipofika Minova, askari alishuka bunduki mkono mmoja, mkono mwingine umeshikilia suruali isianguke bila mkanda. Watoto wakamcheka, naye akacheka.

Basi, mwanangu, nakuambia hivi. Ipo siku utakimbia hatari, maana nchi yetu haijatulia. Siku hiyo sikiliza kile kinachokubeba, kiwe ni mwili wako, nyumba yako au mwenzako. Kikianza kuungua, simama kwanza, hata kama wote wanakupigia kelele. Na mwenye bunduki usimwogope mpaka ukasahau kwamba naye yumo botini. Mungu aliyeumba mlima ule na ziwa lile akulinde kati ya hivyo viwili, akupe mwenzi ambaye mkono wake hautetemeki pale wako unapokataa.