Mistari Mitatu Kabla ya Jedwali

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, Mbinga ikiwa na baridi ile inayofanya watu wasalimiane mikono ikiwa makwapani. Mama Kapinga, nesi wa zahanati moja kule ziwani, aliingia dukani kwetu akiwa na kipima joto nilichomtengenezea, kakifunga kwenye khanga kama mtoto mgonjwa.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nikijifunza kazi kwa Fundi Ndunguru, aliyetengeneza redio za mji mzima. Kipima joto kile kilikuwa kazi ya kwanza ya kwangu mwenyewe, cha kukaa kwenye friji la chanjo, lile la mafuta ya taa.

Ninyi wa leo mnaiambia mashine igawanye, nayo inagawanya. Chipu yetu, ule ubongo mdogo ndani ya kipima joto, haikujua kuzidisha wala kugawanya. Tuliiandikia kwa lugha ya asembli, hatua moja moja: chukua namba hii, iweke pale, punguza moja, ruka kule. Nami nilitaka ikokotoe joto kwa kanuni ndefu. Nilihangaika wiki mbili, hadi Fundi akanionea huruma.

"Shuleni mlikuwa na kitabu cha majedwali ya logarithi," akasema. "Mlikokotoa, au mlitazama tu?"

Tulitazama. Basi nikapima mwenyewe, digrii kwa digrii, kwa barafu na maji ya uvuguvugu, nikayaandika majibu ndani ya chipu kwa mpangilio. Ikipata namba kutoka kwenye kihisio, kile kidude kinachohisi joto, inahesabu mistari kushuka chini na kuchukua jibu. Chini yake nikaweka jedwali la pili, la namba zinazoiambia chipu iwashe vijistari gani ili kuchora tarakimu kwenye kioo. Siku lilipofanya kazi nilicheka peke yangu. Hata leo nikinusa moshi wa risasi ya kuchomelea, furaha ile hunirudia, pamoja na ile redio ya Fundi iliyokuwa ikikoroma pembeni siku nzima.

Jedwali langu liliishia digrii ishirini. Fundi alilisoma akaniambia niweke mlinzi kabla yake, mistari mitatu tu: namba ikizidi jedwali, kioo kionyeshe alama ya hatari.

"Fundi, friji likifika ishirini, hilo tena ni kabati," nikamjibu. Niliahidi kuweka kesho yake. Sikuweka, na yeye aliniamini.

Sasa Mama Kapinga alikuwa mbele yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Binti, kitu chako kinasema uongo. Friji lilizimika juzi usiku. Jana asubuhi kinaniambia digrii sita, salama kabisa. Nimeishika chupa ya chanjo, si ya baridi. Nimezimwaga zote. Kina mama wamerudi na watoto wao, na wengine wanasema nimeziuza."

Nikafungua mdomo kusema huenda alisoma vibaya. Fundi hakunitazama hata. Alichukua kikombe cha maji baridi, akatumbukiza kihisio pamoja na kipima joto cha kioo cha pale dukani, akawa anaongeza maji ya moto ya chupa ya chai kidogokidogo. Kumi na tisa, vyote viwili sawa. Ishirini. Ishirini na moja, kioo changu kikaandika sitini na tatu. Ishirini na mbili, kikaandika sita.

Chipu haikujua kwamba jedwali limeisha. Iliendelea kuhesabu mistari hadi ikaingia kwenye lile la tarakimu. Humo namba ya kuchora sifuri ni sitini na tatu, na ya kuchora moja ni sita, basi ikazileta hizo kama joto.

"Uliandika majibu ya siku njema tu," Fundi akasema taratibu. "Mama huyu alikuhitaji siku mbaya."

Nilisahihisha siku ileile, tukakijaribu hadi maji yakatoa mvuke. Mama Kapinga akakataa kuondoka peke yake. "Utakuja useme mwenyewe."

Tukateremka naye hadi ziwani. Chanjo nyingine zilipofika, alinisimamisha mbele ya kina mama. Nikasema, "Nesi hakuuza kitu. Kosa ni langu. Nilionywa, nikapuuza." Kisha bibi mmoja, aliyekuwa amembeba mjukuu kutoka mbali, akauliza, "Umekuja mwenyewe kutoka Mbinga kusema hivyo?" Nikaitikia. "Basi ukimaliza, upite kwangu ule."

Nilikula kwake ugali wa muhogo na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, ziwa likiwa jeupe kwa jua. Fundi hayupo tena, wala Mama Kapinga. Ningetoa mengi nile tena chakula kile.

Kwa hiyo, mwanangu, jedwali ni kitu kizuri, litumie. Litaiokoa chipu ndogo na hesabu isiyoiweza. Lakini kabla haijasoma mstari hata mmoja, iulize kwanza kama namba iko ndani ya mipaka, juu na chini, na uamue nini kitokee isipokuwamo. Lipime kwa namba unazodhani hazitakuja. Ukionywa na aliyekutangulia, fanya leo. Na kazi yako ikimuumiza mtu, usitume salamu. Nenda, ukaseme kwa mdomo wako.

Mungu akupe mikono mitulivu na macho ya kuona mbali. Akukutanishe na watu wa kukukemea bila kukuvunja, na watoto wa watu walale salama kwa sababu ulifanya kazi yako vizuri.