Mkanda wa Pili

Mama yangu aliwahi kuigiza katika sinema ya serikali, na sehemu aliyopewa ilikuwa ya mwanamke mchafu. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa nyumbani. Watu wa kamera walipofika mtaani kwetu, Kawangware 46, miaka michache baada ya uhuru, wanawake wengine wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walikuwa wamekwenda sokoni, na yeye alikuwa anafua. Kwa hiyo mwanamke aliyekutwa akifua ndiye aliyeambiwa apake matope kwenye rinda na kumnywesha mtoto maji ya mtaroni. Mtoto nilikuwa mimi. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kama niliyanywa kweli. Alisema niliyatema, na kwamba mzungu wa kamera alifurahi sana nilipoyatema.

Sinema yenyewe ilikuwa na mikanda miwili. Katika mkanda wa kwanza mama ni mchafu na mtoto anaumwa tumbo. Katika wa pili anakuja bibi wa afya, mama anafundishwa kuchemsha maji, anaoga, anafunga kitambaa cheupe kichwani, na mtoto anapona. Sufuria ya mama ilikuwa imeshatumika katika uchafu, na mzungu alitaka nyingine kwa ajili ya usafi, kwa hiyo mama akaenda kuazima kwa mama mwenye ploti. Ilikuwa sufuria kubwa yenye kiraka cha shaba ubavuni, mahali fundi alipoziba tundu. Mama mwenye ploti aliitoa bila neno. Wakati huo walikuwa marafiki. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anapita kwetu kunywa chai, akikaa kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo, na mama alikuwa anatembea siku nzima akiwa na furaha kwa sababu mwenye ploti amekunywa chai ya mpangaji kutoka Machakos.

Halafu gari la sinema likaja kutuonyesha. Lilisimama uwanjani karibu na soko giza lilipoanza kuingia, wakatandaza kitambaa cheupe, jenereta ikanguruma. Picha hazikuwa na sauti. Kazi ya kusema ilikuwa ya bwana mmoja mwenye kipaza sauti, aliyesimama kando ya gari akiwaeleza watu kwa Kiswahili wanachokiona, na mengine ambayo hawakuyaona lakini yeye aliona yanafaa. Alipenda kuchekesha. Mama alipotokea kwenye kitambaa na matope yake, yule bwana akapaza sauti: "Mwangalieni huyu! Mama kama huyu akikukaribisha chai, toka mbio!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama alicheka pia, kwa sababu alijua mkanda wa pili unakuja.

Mvua ilikuja kwanza. Jenereta ikazimwa, kitambaa kikakunjwa kikiwa kimelowa, na gari likaondoka na mkanda wa pili ukiwa ndani ya kopo lake. Halikurudi tena.

Anayefikiri watu wa ploti walijua ni maigizo hakuishi miaka ile. Serikali ilikuwa ikisema jambo, tunalifanya. Ilisema tuchimbe vyoo, tukachimba. Ilisema watoto wachanjwe, tukapangwa mstari. Sasa ilikuwa imesema kwa kipaza sauti tusinywe chai ya mama. Jumapili iliyofuata mama mwenye ploti alisimama mlangoni, akasema ameshiba. Wanawake wengine nao wakaanza kushiba, maana yeye ndiye aliyekuwa mwenye ploti. Mama alipompelekea sufuria yake, ikiwa imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, mama mwenye ploti aliitazama bila kunyoosha mkono. "Kaa nayo tu," alimwambia.

Mama akakaa nayo. Hakuipikia hata siku moja. Aliitundika msumarini, na tulipohamia Gatwekera, mtaa wa vichochoro vitupu, ilihama nasi, ikatundikwa kwenye ukuta wa udongo juu ya kitanda changu. Gatwekera watu walikunywa chai ya mama bila wasiwasi wowote, kwa sababu gari la sinema halikuwa na njia ya kupita kule. Lakini mama hakuwa akiwataka hao. Wageni wakimsifu chai alikuwa anasema asante, kisha anaitazama ile sufuria. Mimi nilimchukia mama mwenye ploti kwa moyo wangu wote. Mimi ni mtu wa hasira, na niliifanya kazi hiyo vizuri.

Nilipoingia chuo kikuu kusomea mambo ya magazeti, sinema na televisheni, majirani waliuliza nitaajiriwa wapi. Mama aliuliza kitu kingine.

"Huko kwenu kuna maktaba?"

"Iko. Kubwa sana."

"Inaweka sinema?"

"Nafikiri."

"Basi nitafutie ile yangu. Mkanda wa pili." Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. "Ukiipata, tumwite yule mama aone."

Nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Gatwekera, navuka reli, nashika barabara hadi mjini, na nikifika maktaba naanza na kabati la kadi. Kabati hilo lilikuwa na droo nyingi ndogo, na kila kitabu na kila mkanda ulikuwa na kadi yake humo. Nilianza na neno sinema. Nikapata vitabu juu ya sinema za Ulaya, vingi vikiwa na picha za watu wakivuta sigara. Nikajaribu televisheni, nikapata kitabu cha kutengeneza televisheni iliyoharibika. Nikajaribu Kenya, droo nzima, nikapata reli, nyuki, katiba na ndege wa maziwani. Mama hakuwemo.

Nilimwendea mkutubi, bwana mrefu ambaye alivaa sweta hata wakati wa joto na kupenda sheria za maktaba kuliko vitabu vyake. Nilimwambia natafuta sinema iliyopigwa Kawangware.

"Uliangalia chini ya sinema?"

"Niliangalia."

"Kama haiko chini ya sinema, basi si sinema," akasema, akarudi kwenye mihuri yake.

Kila jioni mama alikuwa ananiuliza kwa macho tu, na mimi natikisa kichwa. Alianza kuniwekea nyama kubwa kwenye sahani, nadhani alifikiri nakosa nguvu ya kutafuta. Niliona aibu kuila.

Kilichonisaidia ni kahawa. Mwalimu wetu alikuwa ametutaka tuorodheshe chochote juu ya filamu kilichomo maktabani, na nikiwa napekua droo ya kilimo kwa kukosa matumaini, nikakuta kadi ya mkanda wa kufundisha kupogoa miti ya kahawa. Haikuwa chini ya sinema. Ilikuwa chini ya kahawa, kwenye magonjwa ya majani. Nikasimama pale, droo ikinigusa tumbo. Waliopanga zile kadi hawakujali kwamba kitu ni sinema, walijali sinema inahusu nini. Basi nikaanza kufikiria mama yangu anahusu nini. Nikatafuta chini ya maji, sikumpata. Chini ya watoto, hapana. Chini ya vyoo kulikuwa na mengi, lakini hayakuwa yake. Nikampata chini ya kuhara. Kadi ilitaja mahali sinema ilipopigwa, na ilisema mikanda miwili. Nilisoma hayo maneno mawili mara kadhaa, kisha nikaenda nje, nikakaa kwenye ngazi na kulia. Mwenzangu wa darasa alipita akaniuliza, "Niaje, umefeli?" Nikamwambia nimempata mama.

Nilipomweleza mama nilimpata wapi, alifikiri kidogo. "Ni kweli," akasema. "Ndio ilikuwa shida yako kwa ile picha."

Kwenda Kawangware nilikwenda mwenyewe. Mama mwenye ploti alikuwa amezeeka, amekaa kwenye veranda ya jiwe aliyojenga mahali vyumba vyetu vilipokuwa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima, lakini nilipofika nikamsalimu kwa heshima, nikamwita cucu, yaani nyanya, kama kila mtu alivyomwita. Nilijua nikisema ni kwa ajili ya mama atakuwa ameshiba. Nikamwambia chuo kikuu kina picha za ploti yake ya zamani. Akauliza kama nyumba ya mbele inaonekana, ile iliyojengwa na marehemu mumewe. Nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimeona chochote. Akaniambia nimngoje avae viatu. Nikamwambia si leo, ni Jumatano.

Jumatano mama alivaa nguo ya kanisani na kubeba kiondo kizito ambacho hakutaka nimsaidie. Yeye na mama mwenye ploti walikutana mlangoni mwa maktaba. "Habari yako, mama," mama alisema. "Mzuri," alijibu mama mwenye ploti, akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa ameletwa. Nilifikiri atageuka. Lakini alikuwa ametoka mbali, tena na viatu vya kubana.

"Hawa ni akina nani?" mkutubi aliuliza.

"Ni utafiti wangu," nikasema.

Akatufungulia chumba cha projekta, akazima taa, akasimama nyuma yetu ili tusiharibu kitu.

Mkanda wa kwanza ulikuwa kama mama alivyosimulia, ila yeye alikuwa kijana kuliko nilivyoweza kuamini. Uso wake ulijaa ukuta mzima, na matope kidevuni. "Nilikuwa mwembamba," akasema. Nyumba ya mbele ilionekana nyuma yake, haijaezekwa bado, na mama mwenye ploti akatoa sauti ndogo ya koo. Mtoto akanyweshwa maji. Mtoto akayatema. Mkutubi akacheka, nikageuka nikamtazama, akaacha.

Halafu mkutubi akaweka mkanda wa pili. Bibi wa afya akaja, akanyoosha kidole, akatikisa kichwa. Na baada ya hapo kamera ilishuka. Ilionyesha moto, ikaonyesha mikono ikimimina maji, ikifunika, ikichota kwa kikombe. Uso haukuonekana hata mara moja. Uchafu ulipewa uso wa mama, na usafi ukapewa mikono ya mtu yeyote. Mama aliketi wima, akiuvuta mshipi wa kiondo kwa nguvu. Alikuwa amengoja miaka yote hii, na hapakuwa na cha kumwonyesha mtu.

"Simamisha," akasema mama mwenye ploti.

Mkutubi alisema mkanda hausimamishwi, unaungua. Kwa hiyo aliurudisha nyuma, ukapita tena. Moto, mikono, na sufuria kubwa yenye kiraka ubavuni.

"Hiyo sufuria ni yangu," mama mwenye ploti alisema. "Hiyo ndio nilimwazima huyu."

Mama akafungua kiondo. Akaitoa sufuria, ikiwa imefungwa kwa gazeti, akaiweka kwenye mapaja ya mwenye mali. Mama mwenye ploti alipapasa kiraka kwa kidole gumba gizani, huku kwenye ukuta maji yakichemka. Picha iliisha na mtoto anayecheka, taa zikawashwa.

"Na hapa serikali ilikuwa inasema nini?" mama mwenye ploti akaniuliza. "Yule bwana wa kipaza sauti hakufika hapa."

"Ilikuwa inasema huyu mama ni msafi," nikamjibu.

Mama akaingiza mkono tena ndani ya kiondo, akatoa thamosi na kikombe. Akamimina. Mama mwenye ploti alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Hapa maktaba hakuna kukunywa chai," mkutubi alisema.

"Ngoja nimalize," akamwambia. Akanywa polepole mpaka chini, kisha akamnyooshea mama kikombe aongezewe.