Kitanda Ambacho Mke Wangu Hakilalii

Mke wangu analala kwenye kiti. Naliandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu kuna ukumbi wa kanisa hapa Riruta ambapo niliulizwa juu ya jambo hilo mara tatu, na mara zote tatu nikadanganya.

Mimi ni fundi wa vitanda. Kibanda changu kiko kando ya Ngong Road, ukitoka Dagoretti Corner unashuka kidogo kuelekea mjini, pale samani zinapopangwa nje zikapigwa na vumbi la magari. Shule niliachia darasa la tatu huko kwetu Ukambani. Nikaja Nairobi na shati moja, nikaanza kwa kufagia maranda katika kibanda cha mtu mwingine. Leo kibanda ni changu, ploti ya Riruta ni yangu, na watoto wamesoma mpaka wakahama. Hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivyo nikijua wengine hawapendi kusikia.

Kitanda chetu nilikitengeneza mwaka tuliooana. Mahogani tupu, hakuna msumari hata mmoja, kila ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake ukakaa. Kimehama nasi nyumba tano. Mteja akisitasita pale kibandani nilikuwa namwambia, "Twende kwangu uone kitanda cha miaka yote hii. Ukikisikia kikilia, hicho unachotaka chukua bure." Nimeingiza watu wengi chumbani mwangu kwa njia hiyo. Mke wangu alikuwa anatandika shuka safi mapema, na mteja akishaingia, ni yeye anayekaa kitandani, anarukaruka kidogo kama msichana, anasema, "Sikiliza. Umesikia kitu?"

Hakuna aliyewahi kusikia kitu. Vitanda vingi nilivyouza aliviuza yeye.

Ugonjwa ulianzia kwenye mwinuko wa kutoka sokoni. Alikuwa anaupanda na kiroba cha viazi mgongoni huku akiimba, kisha akaanza kuupanda bila kuimba, kisha akawa anasimama mara mbili akijifanya anamngoja mtu. Miguu ikafura. Viatu vya kanisa vikakataa kuingia. Yeye akasema ni uzee, mimi nikasema ni chapati, tukacheka, miezi ikapita hivyo.

Halafu Jumapili moja likatoka tangazo kanisani: kila mwezi, Jumatano ya pili, wauguzi watakuja ukumbini kupima watu presha, moyo na kifua. Tukaenda. Nilifunga kazi asubuhi nzima, nikavaa koti.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa laini mbili, na meza mbele. Mbele yetu alikaa mzee mmoja mwenye pampu ya bluu ya kuvuta dawa, ameishika kama mtu anayelinda simu yake. Akamgeukia mke wangu.

"Mama, wewe ni wa moyo ama wa kifua?"

"Hata sijui. Nimekuja waniambie."

"Ukipatikana wa moyo utaenda laini ile. Sisi wa kifua tunakohoa sana, tutawaharibia ibada."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akakaa hivyo muda, kichwa chini, akitafuta pumzi. Yule mzee aliacha kucheka kabla yangu.

Muuguzi alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wetu, mnyoofu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimfunga kipimo cha presha mkononi, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akauliza maswali akiandika kwenye kadi. Unakohoa? Miguu inafura jioni ama siku yote? Ukipanda ngazi unasimama? Mke wangu alijibu yote. Kisha akauliza:

"Na kulala je, mama? Unalalia mito mingapi?"

Hapo hakuna pazia, hakuna mlango. Nyuma yetu, kiti cha pili, alikaa mama mmoja aliyenunua kwangu kitanda cha futi tano kwa sita mwaka uliotangulia, na nilikuwa nimemsikia akimwambia jirani yake, "Huyo ndiye fundi wangu." Wakati huo mke wangu alikuwa amefika mito mitatu, na bado alikuwa anaegemea ubao wa kichwani. Alikuwa ameniambia kwamba akilala chali ni kama maji yanampanda mpaka kooni. Mimi nilimwambia ni godoro. Nikanunua godoro jipya.

Nilijibu kabla hajafungua mdomo. "Mmoja. Analala vizuri."

Muuguzi akamtazama yeye. "Ni kweli, mama?"

Mke wangu akanitazama mimi. Kwetu mzee akishasema mbele ya watu, mke hamsahihishi mbele ya watu hao. Tulilelewa hivyo sote wawili, na sikuwahi kuona ubaya wake.

"Mzee ameshasema," akajibu.

Tukapewa vidonge vya presha. Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini ananiangalia hivyo.

"Hakuna," akasema. "Mambo ya vitanda ni yako."

Mvua ilipoanza, akahamia sebuleni. Hakusema anahama. Alisema anakaa kidogo apumzike, na asubuhi nikamkuta palepale, kwenye kiti ambacho binti yetu alinunua dukani mjini, kiti cha mbao za unga na gundi, vitu wanavyotoa kiwandani kama mikate. Nilikuwa nimekitukana kile kiti siku kilipoingia nyumbani. Nikasema hakitamaliza mwaka. Sasa mke wangu alikuwa amejifunga leso, miguu juu ya stuli, amelala usingizi wa kweli ambao sikuwa nimeuona usoni mwake tangu mwaka uanze. Nilipaswa kufurahi. Niliona aibu, tena aibu ya fundi. Nikamwambia asimwambie mtu.

Mwezi wa pili wa kliniki, swali lilelile. Nikajibu mmoja.

Mwezi wa tatu muuguzi alikuwa amenichoka. "Baba, nimeuliza mama."

"Na nani analala naye, msichana wangu? Ni mimi ama ni wewe?"

Ukumbi mzima ukacheka. Yule mzee wa pampu alicheka mpaka akakohoa, akavuta dawa, akacheka tena. Nilikipenda kicheko kile, siwezi kukataa. Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo, na mke wangu nyuma yangu akija polepole, na vidonge vilevile ndani ya mkoba.

Mwezi wa nne hakufika mlangoni. Kuna ngazi tatu tu pale mbele ya ukumbi. Alipanda moja, akakaa kwenye ya pili na vitabu vya nyimbo vya mtu vikiwa kando yake, midomo imebadilika rangi. Watu wakatoka kumpepea na kadi zao. Muuguzi akaja, akapiga magoti kwenye saruji, akabonyeza muundi wa mke wangu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Nililitazama lile shimo nikingoja lirudi. Likakaa kama alama ya nyundo kwenye mbao laini.

"Mama, tangu lini hulali?"

Safari hii mke wangu hakunitazama. "Tangu mvua ianze. Niko kwa kiti."

"Kwa kiti usiku wote?"

"Usiku wote. Nikilala chini nazama."

Muuguzi akaingia ndani, akarudi na kadi. Akasoma pale pale kwenye ngazi, sauti ya chini, na ile sauti yake ya kwaya sikuisikia kabisa. "Mto mmoja. Mto mmoja. Mto mmoja, analala vizuri." Akaikunja. "Baba, mimi huandika chenye naambiwa. Dawa nilikuwa nampea ilikuwa ya mtu wa mto mmoja."

Mama wa tano kwa sita alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Nilingoja niumie kwa hilo, sikuumia. Yaani kile kitu nilichokuwa nakilinda, kilipovunjika mbele ya wateja, hata hakikuwa na uzito.

Tuliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa mjini. Huko walimlaza ubavu, kwa shida, wakamwekea mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo. Nikauona moyo wa mke wangu. Unatanuka na kujikunja kwa uvivu, kama mtu anayefagia uwanja mkubwa na anajua hatamaliza. Daktari, mtu mzima mwenye mvi kama mimi, akanieleza kwamba moyo umelegea, umekuwa mkubwa, hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa mapafuni na miguuni. Nikamuuliza kama unaweza kukazwa. Akasema dawa zitapunguza maji. Nikamuuliza tena kama unaweza kukazwa.

"Kukazwa, hapana."

"Na tungekuja mapema?"

Akavua miwani, akaifuta. "Mzee, mmekuja sasa."

Jibu hilo nalijua. Ndilo nampa mtu aliyeniletea meza ikiwa mchwa wameshamaliza miguu yote.

Nikarudi kibandani. Ukutani, juu ya benchi, kuna vipimo vya penseli vya kitanda nilichotengenezea mama mmoja wa Kileleshwa miaka michache iliyopita. Alitaka kitanda cha mamake, kichwani kiinuke inchi kumi na nne, kishuke polepole mpaka kiunoni. Mimi na mafundi wangu wawili tulicheka wiki nzima. Tulisema matajiri wamechoka hata kulala sawa. Siku ya kukipeleka, yule bibi mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, akatutazama tukikiunga, mabega yakipanda na kushuka. Niliirudia hadithi hiyo nyumbani na mke wangu akacheka pia. Sasa nikasimama mbele ya vile vipimo na miwani yangu. Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu mwenyewe, nikalipwa, na sikuuliza ni ya nini.

Mahogani iliyokauka ya kumtengenezea mke wangu kama kile sikuwa nayo, na kungoja ikauke ni miezi. Nikachukua kitanda chetu. Nilikifungua chumbani, mlango wazi, yeye akinitazama kutoka kwenye kiti, kwa nyundo ya mpira, ndimi zikatoka kwenye matundu safi kama siku nilipoziingiza. Nikakata mbao za katikati. Nikainua kichwani inchi kumi na nne. Pale nilipokata hapakuwa na nafasi ya ulimi mpya, kwa hiyo nikapiga misumari. Mke wangu alikuwa anahesabu kila pigo la nyundo kwa macho.

"Misumari, Mzee?"

"Nyamaza."

"Leo nimeona."

Tukamhamishia chumbani, mimi upande mmoja, binti yetu, aliyekuja kusaidia, upande mwingine. Akakaa ukingoni. Akapumzika. Kisha, kwa nguvu alizokuwa nazo, akajirusha kidogo, mara moja tu, na kitanda kikalia. Kililia wazi, kama mlango wa choo.

"Sikiliza," akasema. "Umesikia kitu?"

Binti yetu akatoka chumbani. Mimi nikacheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka, na kicheko chake kikageuka kikohozi, tukamwegemeza. Alikaa kwenye ule mteremko muda wa sufuria ya chai kuchemka. Akasema, "Ni kizuri." Akasema kimenyooka, mbao ni laini, nimefanya kazi. Kisha akanishika mkono. "Nirudishe kwa kiti."

Alikuwa amezoea kuinamia mbele, viwiko juu ya magoti. Hiyo ndiyo namna pekee ya kupumua iliyobaki. Mteremko wowote, ugonjwa umeshaupita.

Juzi tulikwenda ukumbini tena, safari hii kwa gari la jirani, ingawa kwa miguu ni mwendo mfupi. Mzee wa pampu akasogeza kiti chake kumpisha. "Mama, bado wewe ni wa moyo?" Mke wangu akatikisa kichwa kukubali, na mzee hakutania zaidi. Muuguzi alipofika kwenye swali lile aliinua kichwa kutoka kwenye kadi, akanitazama mimi, akangoja.

"Hakuna mto," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. "Halali. Anakaa."

Akaandika. Akaongeza kidonge kimoja cha kutoa maji. Akasema turudi mwezi ujao. Ukweli wangu ulichukua nusu mstari kwenye kadi, na laini ikasonga.

Sasa mimi ndiye nalala kwenye kile kitanda. Nateleza mpaka miguu inagusa ubao wa chini, najivuta juu, kinalia. Wiki za kwanza kilipolia, alikuwa ananiuliza kutoka sebuleni, mlango uko wazi, "Umesikia kitu?" Nami nilikuwa najibu, "Sijasikia kitu."

Siku hizi kinalia na haulizi. Swali ni maneno mawili tu, lakini anaweka pumzi yake kwa mambo mengine.