Sahani ya Mshika Kamba

Ninyi watoto mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mwache kuchezacheza. Sikusoma sana. Masista walinifundisha kushona na kuandika jina langu, mengine nimeyaokota njiani. Nitasema mambo jinsi yalivyokuwa. Mwenye kutaka mapambo aende kwa fundi wa nguo.

Babu yenu alikuwa plonjeri. Ndivyo tulivyomwita mzamiaji. Kampuni ya serikali ilichimba mashimo makubwa ya shaba, na mengine yakajaa maji, kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kazi yake ilikuwa kushuka mle. Aliwaletea wainjinia matope ndani ya chupa, alipima kuta kama zinabomoka, na pampu ikiziba alisafisha kichujio chake kwa kupapasa, maana huko chini macho hayana kazi. Alirudi nyumbani ananuka mpira, na masikio yanamlia hadi alale. Alianza nikiwa na mimba ya mama yenu, na mama yenu akaolewa yeye bado anashuka.

Alivaa kofia ya chuma yenye kioo. Hewa ilimfikia kwa mpira mrefu kutoka kwa mashine iliyokaa ukingoni, na kiunoni alifungwa kamba. Juu alikaa mtu mmoja ameishika. Ikivutwa polepole, maana yake niko mzima. Ikivutwa harakaharaka, nitoe. Basi. Roho ya mume wangu ilikuwa ndani ya kiganja cha mtu mwingine.

Ndiyo maana wazamiaji wale walikuwa na desturi yao. Asubuhi ya kushuka, mshika kamba alikuja nyumbani kwa mwenye kushuka, wakala bukari, ndiyo ugali, kwenye sahani moja. Mtu mwenye kinyongo hawezi kula nawe, mkono unamkatalia. Asipokula, hakuna kushuka. Hata shefu, mkubwa wa kazi, aliijua sheria hiyo, ingawa ilimuudhi.

Mshika kamba wetu alikuwa mtu wa Katanga, mwenyeji wa mkoa ule, rafiki wa babu yenu tangu ujana. Alizoea kunitania.

"Shemeki, bukari yako leo ni mugumu. Unataka tumufunge nayo kiunoni apate kuzama muzuri?"

"Kula, weye tumbo bila mulango! Bibi yako anakupikia mawe, unakuja kulalamikia kwangu."

Halafu ikaja ile miaka ya mwisho ya utawala wa mkubwa wa nchi. Mashine zikafa moja moja, mishahara ikachelewa, watu wakaanza kuulizana asili. Wazazi wa babu yenu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa palepale Likasi, nami pia. Haikusaidia. Sokoni Kikula, mama aliyeniuzia samaki wa ziwa la Tshangalele tangu nikiwa msichana aliniona ninakuja, akafunika beseni. Kwenye ukuta wetu mtu aliandika kwa makaa: rudini kwenu. Niliyafuta maneno hayo kwa maji. Kesho yake yakarudi, makubwa zaidi.

Asubuhi moja pampu iliziba. Mshika kamba akaja, akasimama mlangoni. Sahani ilikuwa mezani, inatoa mvuke.

"Ingia, shemeki."

"Nimekwisha kula, mama."

Hakuwahi kuniita mama. Babu yenu akacheka: "Muache, anaogopa mawe yako sasa." Akavaa viatu, wakaondoka. Mimi sikucheka. Nilifunika sahani kwa kitambaa, nikaitia ndani ya kikapu, nikawafuata kwa miguu mpaka shimoni.

Juu ya kilima cha mawe ya kutupwa walisimama vijana ambao hawakuwa wafanyakazi. Walitazama tu. Nikaweka sahani mbele ya mshika kamba.

"Kula."

Shefu akafoka: "Mama, hapa si restora! Maji yanapanda!"

"Yapande. Asipokula, mume wangu hashuki."

Babu yenu alikuwa amekwisha kuvaa nusu. "Unanipatisha haya mbele ya bantu."

"Haya haizamishi mtu."

Mshika kamba aliwatazama wale vijana, kisha akainama kama anayekaza fundo. Akaniambia chinichini: "Shemeki, nikikula naye hapa, mangaribi banachoma nyumba yangu. Lakini kamba nitashika. Kwa bichwa bya batoto yangu, nitashika."

Babu yenu alisikia. Akasema, "Mkono wake naujua," akavishwa kofia, akashuka. Maji yakajifunga juu yake.

Wale vijana wakaanza kuteremka kilima. Mmoja akachuchumaa karibu na kamba, anatafuna muwa.

"Mukubwa, mikono haichoki? Achilia kidogo, upumuzike."

Wenzake wakacheka. Shefu akageuza uso, akaanza kuangalia mashine. Mshika kamba akaizungusha kamba kwenye mkono wake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kiwiko. Nikaelewa: mwenye kutaka kuitupa kamba majini itambidi amtupe na yeye.

Nilitazama mkono ule na si kitu kingine. Kamba ilitikisika polepole. Ikatulia muda mrefu. Nikamwomba Bikira Maria, nikasahau maneno katikati, nikaanza upya. Ikatikisika tena, polepole.

Babu yenu alitoka na matope mpaka shingoni, pampu inanguruma. Mshika kamba alipofungua ile mizunguko, ngozi ilikuwa imechunika. Akainama kwenye kikapu changu, mgongo wake kwa vijana, akamega bukari iliyopoa, akaitia mdomoni. Akasema huku anatafuna:

"Mara ingine si mimi. Bamekwisha kuchagua mwingine. Nimemuona. Hatakula kwako, na hatashika."

Njiani nilimwambia babu yenu tunaondoka Likasi. Akasema: nyumba je? Kazi ya miaka yote hii je? Tulipofika niliwaita watoto wote uani.

"Zimeni moto. Fungeni nguo na sufuria, vitanda viacheni. Na mtu akija kumwita baba yenu kazini, mwambieni hayupo, hata kama amesimama nyuma yenu."