Ulimi wa Mama Mkubwa

Sombe ilikuwa na chumvi nyingi. Nilijua kwa tonge la kwanza, lakini kwa kuwa majani hayo ya muhogo yalitoka mkononi mwa mama mkubwa, nilidhani kosa ni la kinywa changu. Nilikuwa nimefika Kasongo mchana ule kutoka Salamabila, nyuma ya pikipiki, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye meno. Nikanywa maji, nikamega bugari tena. Chumvi ilikuwa palepale.

Yeye alikuwa ameketi mbele yangu, anakula sombe hiyohiyo bila shida yoyote.

"Unakula kama mutu anatafuta mwiba," akasema. "Sombe haina miba."

"Nakula polepole, mama. Nimechoka."

"Umechoka! Mutu anatembea dunia nzima, anachokea kwa sahani moja?" Akacheka, kisha akakohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

Nieleze kwa nini chumvi ile ilinitisha. Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na mtaani kwetu watu hawapangi siku ya arusi kabla ya kumuuliza kama atakuwepo. Yeye ndiye anayesimamia sufuria kubwa, zile ambazo wanawake wawili hawatoshi kuziinua. Nimemwona akipika pilau ya mamia ya watu akiwa na mwiko mmoja na bila kupandisha sauti. Mimi ni mtu nisiyetulia. Nilimaliza sekondari hapa, nikasema naenda Kalemie kwa miezi michache, nikarudi baada ya miaka. Nimeuza viatu Bukavu, nimepakia mizigo Kindu, sasa nauza tochi na betri kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Kila nilipokaa nimekula wali, na kila sahani nimeilinganisha na yake. Labda ndiyo sababu sikukaa mahali popote.

Sasa mwanamke huyo alikuwa anatafuna chumvi kama anatafuna hewa, na arusi ya mjukuu wake ilikuwa karibu. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kabambare.

Mama mkubwa ana shinikizo la damu. Sisi tunaliita tansiyo, na tunaisemea kama mpangaji aliyehamia nyumbani: leo tansiyo imeamka vibaya, jana tansiyo ililala. Mama yangu naye alikuwa nayo. Dawa aliyopewa ilikuwa ile inayotoa maji mwilini, ukiimeza unakimbilia choo asubuhi yote. Siku alipotakiwa kwenda Kabambare kwenye msiba, aliifikiria ile njia: pikipiki, matope, dereva mwenye umri wa mwanawe, na yeye mwanamke mzima akiomba kushuka kila kilima aingie porini. Akaacha vidonge nyumbani. "Ni kwa njia hii tu," alimwambia dada yake. Kufika Kabambare hakuona ubaya wowote, basi akaendelea kukaa bila dawa, na matanga yalipokwisha, asubuhi moja mkono wake ukakataa kushika kikombe. Tulimzika hukohuko.

Tangu hapo mama mkubwa hajawahi kuruka kidonge. Akimaliza sala ya alfajiri anakitoa, anakitia kiganjani, anakisemesha: "Haya, ingia, ufanye kazi yako, usiniletee maneno." Nimekutana na wanaume wengi wenye nguvu, watu wanaoshuka shimoni kwa kamba, ambao hawawezi kumeza dawa wiki mbili mfululizo kama hawasikii maumivu. Yeye ameweza kwa miaka, kwa ugonjwa usiouma.

Aliyemwambia ukweli kuhusu sombe alikuwa mwenzake wa jikoni. Huyu ni mwanamke Mkristo, analima mchele nje kidogo ya mji, na wamepika pamoja tangu ujana, arusi za msikitini na za kanisani. Wanaitana mukemwenza kwa utani, kwa sababu, wanasema, wameolewa na sufuria moja. Alikuja kesho yake na mchele wa arusi, akakuta sombe iliyobaki, akajipakulia.

"Eh, mukemwenza! Unataka kutukausha kama samaki wa Nyangwe?"

"Chumvi ya siku hizi ni kali," mama mkubwa akajibu.

"Chumvi ni ileile. Tuligawana mufuko mumoja."

"Basi ulimi wako umezeeka."

"Wangu? Na huyu mutoto wako, wake umezeeka pia? Wewe, mutembezi, sema! Jana ulikula, ao ulimeza tu?"

Nikaangalia chini.

"Ameogopa," akasema. "Mwanaume mwenye ndevu nyeupe anaogopa sombe."

Nilitegemea mama mkubwa amrudishie, maana hawezi kushindwa kwa maneno. Hakumrudishia. Aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mchele.

"Kinywa changu kiko kama nimelamba musumari," akasema. "Asubuhi mpaka magaribi. Chai ni musumari, nyama ni musumari. Natia chumvi, siisikii, naongeza. Na hiki kikohozi. Ni tangu walibadilisha kidonge."

"Na unanyamaza?"

"Niseme nini? Mupishi hana ulimi? Wakwe watasikia mpaka Kabambare." Akashika ungo tena, akaurusha mara moja, mbili. "Nitakiacha mpaka siku ipite. Ni kwa arusi hii tu."

Mchele ulikuwa bado unatikisika ndani ya ungo. Nadhani aliyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwake, kwa sababu aligeuza uso upande wa ukuta.

"Nimesema kama mudogo wangu," akasema. Kisha akainuka, akaingia ndani kutafuta kitenge cha kutokea.

Tulikwenda kituo cha afya asubuhi ileile. Muuguzi, dada mwenye sauti ya chini, alimpima, akamsikiliza mpaka mwisho, habari ya msumari na ya kikohozi. Hakumkatiza.

"Mama, si ulimi wako, na hakuna mutu amekuroga," akasema. "Ni dawa. Watu wengine inawaletea kikohozi kama hiki, wengine inawaharibia ladha. Wewe imekupa vyote viwili. Umefanya vizuri kuja bila kuiacha."

Akaenda kuongea na daktari, akarudi na dawa ya aina nyingine.

"Hii mara nyingine inavimbisha miguu. Ikivimba usiitupe. Urudi tuongee."

"Na ulimi?"

"Utarudi, lakini polepole. Pengine majuma, pengine zaidi."

"Arusi ni juma lijalo."

Muuguzi akamtazama kwa huruma. "Basi ulimi hautafika arusini, mama."

Tulirudi kwa njia ya sokoni. "Nilikuwa mupishi bila ulimi," akasema. "Sasa nitakuwa mupishi bila miguu. Wakimaliza watanitoa na mikono." Tukacheka wote wawili. Na kweli, miguu ilikuja kuvimba baada ya miezi. Alirudi kituoni kama alivyoambiwa, na siku hizi jioni anaketi na miguu yake juu ya kopo la mawese lililopinduliwa, anaitazama na kuiuliza kama imeshiba. Lakini hayo yalikuwa bado mbele.

Nilimshauri amwachie mwenzake sufuria kwa siku moja.

"Wewe," akasema, "kazi ikikushinda unabadilisha muji. Mimi niko na muji mumoja."

Siku moja kabla ya arusi wanawake walijaa uani, wanamenya vitunguu na vitunguu saumu, wanacheka, macho yanatoka machozi. Nilikuwa napasua kuni. Mama mkubwa akatoka ndani, akasimama katikati yao, akasema: "Kesho nitapika kama Ramadhani."

Alisema hayo tu, akarudi kuhesabu vifuniko.

Kwetu kila mtu anaelewa maana ya maneno hayo. Mwezi wa kufunga, mwanamke anapika futari ulimi ukiwa umefungwa. Wanaojua dini wanasema mpishi anaweza kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi na kuutema, lakini mama mkubwa hakuipenda ruhusa hiyo kamwe. Alisema ulimi ukishagusa unaanza kudai. Miaka yote ile chakula chake cha futari kilipikwa bila kuonjwa na mtu, na mimi niliyefungua nacho utoto wangu wote sikumbuki jioni ambayo chumvi yake ilipungua au kuzidi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jambo hilo linahitaji ufundi. Nilidhani ndivyo chakula kilivyo.

Wanawake walitazamana. Wengine walidhani ameweka nadhiri, wengine kwamba ana deni la siku za kufunga. Hakuwaeleza, na hakuwadanganya.

Mukemwenza akafuta macho kwa kiwiko. "Vizuri. Mimi sifungi Ramadhani yenu, kinywa changu kiko wazi. Nitakuonjea."

"Mara moja, mwisho. Wewe ukianza kuonja, sufuria inafika nusu."

Asubuhi ya arusi niliacha kazi zangu nikasimama karibu kumtazama. Alipika kwa pua na kwa masikio. Vitunguu alivikaanga mpaka vikafika rangi ya njia ya kwetu ikishakauka baada ya mvua, akainama kidogo, akavuta harufu, akatikisa kichwa: bado. Akangoja. Mara ya pili akaita nyama. Nyama ilipochemka alisimama pembeni na jicho moja limefungwa, anasikiliza, kwa sababu mchuzi mwepesi unapiga kelele na mchuzi uliokolea unanong'ona. Nilijaribu kusikiliza na mimi. Kwangu zote zilikuwa kelele tu. Kila mara alipokohoa aligeuka, akatembea hatua kadhaa mbali na sufuria, akarudi.

Kisha ikafika chumvi. Nilimwona akiitia kiganjani, akifunga vidole, akiipima uzito kama mtu anayeshika mkono wa mtoto. Akaimwaga kwa duara. Mkono wake ukarudi kwenye mfuko, ukasimama hapo, na nikajua anachopigana nacho. Juma lote lile chakula kilikuwa kinaharibika kwa sababu ya mkono wa pili: anatia sawasawa, haisikii, anaongeza. Akachukua mfuko, akaufunga fundo, akampa mmoja wa wanawake.

"Peleka ndani. Hata nikikuomba, usinipe."

Mchele ukaingia, mfuniko ukawekwa, makaa yakapangwa juu. Alipofunua, mvuke ulimfunika mpaka mabegani. Mukemwenza akaja na kijiko chake, akachota, akapuliza, akatia mdomoni, akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Sema basi!" mama mkubwa akasema.

"Ngoja, nimeungua."

"Mukemwenza, nitakupiga na mwiko mbele ya wakwe."

"Nipige," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nipige, lakini usiguse kitu humu. Usiguse hata kidogo."

Wakwe walikula. Mzee mmoja wa Kabambare aliomba sahani ya pili, akauliza kama mpishi anaweza kuja kwao msimu wa mavuno, na kina mama wakapiga vigelegele hata kabla hajajibiwa.

Walipokwisha kula, mama mkubwa aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameficha sahani moja. Tukakaa juu ya mkeka, yeye, mimi na sahani katikati. Akafinyanga tonge, akatia mdomoni, akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Musumari," akasema. "Pilau ya musumari. Sasa wewe niambie. Iko namna gani?"

"Ni tamu, mama."

"Tamu! Hata sukari ni tamu. Miaka yote hii umetembea bure?"

Nikaanza upya. Nikamwambia chumvi iko chini kabisa, haitangulii, unaisikia ukishameza. Nikamwambia punje zimesimama, kila moja peke yake, na mafuta ya mbuzi yanabaki kwenye midomo lakini si kwenye vidole. Nikamwambia kwamba Bukavu nilikula pilau katika nyumba iliyotazama ziwa, ilikuwa na viungo vingi vinavyogombana, na hapa hakuna ugomvi. Alikuwa anatafuna polepole, amefumba macho, na nikitaja kitu alisimamisha taya kidogo, kama anakitafuta pale nilipomwonyesha.

"Iliki?"

"Iko mbali. Inakuja na kuondoka."

"Ndiyo. Iliki ikae mbali." Akafikiri. "Mudalasini?"

"Iko kwenye nyama."

"Si kwenye muchele?"

"Kwenye mchele kidogo sana."

"Sawa. Nilitaka hivyo." Akafungua macho. "Na ukoko?"

Kabla sijajibu alichukua kipande cha ukoko pembeni mwa sahani, cheusi upande mmoja, akakiuma. Kilivunjika kwa sauti, na mukemwenza aliyekuwa anasugua sufuria kwa mchanga akageuka kututazama.

"Huu nausikia," mama mkubwa akasema, akanyoosha mkono kuchukua kingine.