Lenah wa Bokoli na Mkono Uliokatazwa

Siku Mukhwana alipoletwa nyumbani Bokoli, mguu wake ulikuwa umeangalia upande ambao mguu hauangalii. Alivunjwa uwanjani huko Bungoma, mfupa ukatoboa soksi, na watu waliokuwa wakiimba jina lake wakafunika macho. Chuo chake kilimpenda muda wote alipokuwa akifunga mabao. Mtihani alikuwa hafanyi. Aliandika jina, akatoka, akapewa alama. Mguu ulipovunjika alama nazo zikakoma, akaambiwa abebe sanduku lake aende.

Akaanza kunywa chang'aa na kupiga. Alipiga mke, alipiga ng'ombe, alimpiga Lenah dada yake kwa mkongojo mpaka jino la mbele likaruka. Mwishowe akakutana na wa kumpiga yeye, sokoni Myanga, mchana kweupe, wakamponda kichwa kwa jiwe mbele ya akina mama waliokuwa wakiuza nyanya. Maiti ilipooshwa, Lenah alikuwepo. Alisema mbele ya wazee, bila kushusha sauti, "Aliyemuua huyu si jiwe. Ni wale waliompa alama za bure." Wazee waliangalia chini.

Basi Lenah akasoma ualimu, na alipopata kazi katika chuo kimoja cha Kitale hakuomba darasa la wenye akili. Aliomba wanamichezo. Kila jioni wakitoka mazoezini aliwaingiza katika stoo ya zamani ya jikoni, kila mmoja akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji moto ya chumvi, kitabu mapajani. "Miguu ni ya kocha," aliwaambia, "lakini ikishaingia kwa beseni, kichwa ni changu." Tena mkono wake ulikuwa mwepesi. Chepkemoi, msichana wa mbio kutoka Saboti, akisinzia tu, dasta ilimpata utosini.

"Madam! Leo nimepanda mlima mbio!"

"Na huo mlima umekufundisha hesabu za sehemu? Amka."

Wote waliendelea isipokuwa Khaemba, winga wa kushoto, kijana wa Myanga mwenye mabega kama mlango. Hesabu alizijua. Ukimwuliza kwa mdomo anajibu kabla hujamaliza. Lakini karatasi zake zote zilirudi nusu tupu, na katika mtihani wa hesabu alikuwa ameanguka. Uliobaki ni wa marudio. Akianguka na huo, anafukuzwa.

Ndipo siku moja uwanjani beki wa timu ya wageni akamtemea mate usoni. Khaemba alimpiga ngumi moja. Beki alianguka chali, damu na meno vikamjaa mdomoni. Watu walimkimbilia aliyeanguka, lakini Lenah aliangalia ngumi.

Jioni alimwita. "Khaemba, wewe unaandika na mkono gani?"

"Wa kulia, Mayi." Alimwita mama kwa lugha yao.

"Na yule umempiga na upi?"

Khaemba akaangalia beseni. Alizaliwa wa kushoto. Kukhu, bibi yake aliyemlea, alimfunga ule mkono kwa kamba ya katani, akampiga vifundo kwa mwiko, na siku mtoto alipompa mgeni muhogo kwa kushoto, akaukandamiza mkono juu ya chungu cha moto. Kovu lilikuwepo, likimeremeta. "Kwetu huwezi kumpa mtu chakula na kushoto, Mayi. Unajua."

Lenah alijua. Mwiko wa namna hiyo ulikuwepo hata kwa mama yake. "Hapa humpi mtu chakula. Shika kalamu."

"Basi funga mlango kwanza."

Akafunga. Jasho lilimtoka kijana yule kuliko la uwanjani. Kila kalamu ilipogusa karatasi alijikunyata, kana kwamba mwiko uko nyuma yake. Jioni ya kwanza herufi zilikuwa makucha ya kuku. Wiki zilipopita zikanyooka, halafu zikaanza kukimbia. Mlango uliendelea kufungwa, na nje ya stoo ile hakuna aliyejua.

Mtihani wa marudio ukaangukia Jumamosi asubuhi, siku ya fainali ya vyuo kule Bungoma. Kocha alikuwa Wepukhulu, mtu wa Bungoma vilevile, aliyefundishwa mpira kwa kiboko, akaufundisha kwa kiboko. Basi lilikuwa linanguruma getini.

"Kocha, mimi nina karatasi," Khaemba akasema.

"Una nini?" Wepukhulu akacheka, na kabla ya kumaliza kucheka akamtia kichwa cha pua. Khaemba akaenda chini. Teke la mbavu, jingine, halafu kocha akaukanyaga mkono wa kulia kwa kiatu cha njumu, akausaga. "Winga anatumia miguu, bana! Huu ndio unaninyima kombe, si ndiyo?" Akaruka juu yake kwa uzito wote. Vidole vililia kama kuni kavu. "Haya, kaandike sasa! Ama upande basi?"

Chepkemoi alitoka mbio kumwita Lenah, ambaye alikuwa kwenye kengele, ile ringi ya lori iliyoning'inizwa karibu na ofisi, tayari kuita watu wa mtihani. Alikuja na nondo yake ya kengele mkononi. Alimkuta Khaemba amesimama, damu imemlowesha fulana, na mkono wa kushoto umeinua jiwe.

Lenah alipoliona lile jiwe, akapaza sauti.

"Weka chini!"

"Nitamuua, Mayi."

"Kwa mkono huo? Huo una kazi leo! Weka chini!"

Khaemba aliangalia mkono wake kama aliyesahau ni wake. Jiwe likaanguka.

"Kazi gani?" Wepukhulu akacheka tena. "Mtoto wa kwetu aandike na kushoto? Si kukhu yake angeukata!" Akamshika ukosi, akaanza kumburuta kwenda kwenye basi.

Lenah akawafuata. Nondo ilimpata Wepukhulu kwenye muundi, na ilipompata mara ya pili, mfupa ulisikika hata ndani ya basi. Alianguka akipiga mayowe, mguu umeangalia upande ambao mguu hauangalii. Lenah aliutazama. Mguu ule aliwahi kuuona. Akamkabidhi Chepkemoi nondo ikiwa na damu.

"Kapige kengele. Mtihani usichelewe."

Kituoni askari alishangaa. "Mama, mwalimu mzima, unavunja mtu mguu?"

"Ndiyo. Andika hivyo."

Alikaa sakafuni selo, ulimi ukichezea pengo la jino, akimsikiliza kila anayeingia. Jua lilikuwa utosini Khaemba alipofika kwenye vyuma. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya soksi ya kuchezea mpira, umevimba kama boga. Wa kushoto ulikuwa mweusi kwa wino ubavu mzima, kuanzia kidole cha mwisho hadi kwenye kifundo, mahali ulipopita juu ya maandishi mabichi.

"Umefika wapi?"

"Mwisho, Mayi. Nimejibu yote, nikakaa nikingoja wengine wamalize."

Lenah alishika chuma.

"Hujakula," Khaemba akasema. Akatoa chapati mfukoni, akasita. Mkono mzima ulikuwa mmoja tu. Akaupitisha katikati ya vyuma, na kovu lake na wino wake.

Lenah akaipokea, akala yote mbele yake.

"Sasa nenda hospitali," akasema.