Kuku wa Mwisho wa Tiburcia

Halmashauri nne za milimani zilipoungana kupambana na njaa, watu wa kitongoji chetu cha Loma Seca walisikia redioni, wakafurahi kama watu wengine. Umoja huo ulikuwa na ofisi, gari jeupe na wataalamu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita kila kitongoji kuona nani yuko hoi zaidi. Chakula hakikutosha wote. Watakaoonekana hoi ndio watakaopewa mahindi, maharagwe na unga wa lishe wa watoto mpaka mavuno.

Unga huo Tiburcia Súchite aliutaka kwa ajili ya mjukuu wake, Nicolasa. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda Honduras kuchuma kahawa. Nywele za mtoto zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, na siku hizi chakula kikikosekana halii tena. Tiburcia alijua maana ya kutolia huko, maana alishazika mtoto mmoja wa namna hiyo.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Mvua ilikatika mahindi yakiwa yamefika magotini, na kitongoji kizima kilikuwa kinakula tortila, ile mikate yetu myembamba kama chapati, za mtama uliosagwa na ndizi mbichi. Kwetu mtama ni chakula cha kuku. Mtu huula amefunga mlango, na jirani akibisha hodi, sahani inasukumwa chini ya kitanda. Halafu mgeni, hata awe mtoza ushuru, haondoki bila kula, na akiondoka hufungashiwa kitu cha njiani. Njaa tunaiweza. Aibu ndiyo inayotumaliza.

Basi ilipojulikana kwamba wageni wa halmashauri watafikia kwa Tiburcia, maana nyumba yake iko kando ya njia na ina kivuli, alimkamata kuku wake wa mwisho, yule aliyekuwa akimtagia Nicolasa. Shoga yake Eleuteria alileta mahindi meupe aliyokuwa ameyaweka kuwa mbegu. Majirani wakachanga maharagwe na kahawa. Mtama wote ulifunikwa gunia nyuma ya nyumba.

"Shoga, hawa wanakuja kuona njaa," Eleuteria alisema, mikono iko kwenye jiwe la kusagia. "Si tuwaonyeshe?"

"Wataiona. Kwani hawana macho? Lakini sahanini kwangu hawataiona."

Wakaja, wakala. Mkuu wao, kijana mmoja mpole aitwaye Interiano, aliuliza siku za kawaida wanakula nini. Tiburcia akamwambia wanakula anachojalia Mungu, akamwongezea mchuzi. Nicolasa alikuwa amevishwa gauni la mikono mirefu na kitambaa kichwani, na alikula kwa pupa mpaka wageni wakamsifu kwamba ana hamu nzuri ya chakula. Hakuna aliyempima. Vipimo vilikuwa vya vitongoji vitakavyopita mchujo.

Kilichopita ni El Amatal, mlima wa pili, ambako wageni walipewa maji matupu na mzee mmoja akawafunulia donge lake la mtama bila haya. Siwaonei kijicho, nao wana njaa. Loma Seca, redio ikasema, hali yake inaridhisha.

Tiburcia alishuka kwa miguu mpaka ofisini. Interiano alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akashusha sauti.

"Mama, mimi nilikula kwako. Nilishiba. Sasa niwaambie nini mameya wa halmashauri?"

Ofisi ilikuwa imejaa watu. Jibu lilikuwepo, kwamba bwana, ulikula mbegu zetu na yai la mtoto. Tiburcia alilitafuta mdomoni, na kilichotoka kikawa kingine.

"Ni kweli, mwanangu. Ulishiba."

Kijana aliona huruma. Aliahidi kwamba siku mameya wote wanne watakapopanda kugawa chakula El Amatal, atawapitisha kwake wajionee wenyewe.

Na kweli aliwaleta, wakitokea kwenye sherehe ya kugawa chakula, wapiga picha nyuma yao. Safari hii Tiburcia hakukopa kwa mtu. Aliweka mezani tortila zake nyeusi za mtama, zote zilizokuwepo, mbele ya majirani waliosimama uani, na uso ulimwaka kama aliyevuliwa nguo.

"Hiki ndicho tunachokula," alisema. "Hatuna kingine."

Eleuteria alitazama chini. Meya mkubwa alimega kipande, akatafuna taratibu, macho yakamlegea.

"Wenzangu, onjeni. Hivi ndivyo alivyokuwa akinipikia bibi yangu. Chakula cha asili hiki. Ndiyo maana hawa wa milimani wana afya kuliko sisi."

Walionja wote. Walipiga picha wakiwa wameshika tortila, Tiburcia katikati yao. Interiano peke yake hakula. Walipoinuka, meya aliuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayejua mila, kama mama angeweza kumfungashia mbili tatu ampelekee mkewe.

Tiburcia alichukua kitambaa safi, akazifunga zilizobaki, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, akamtakia safari njema.

Nicolasa alikuwa amekaa kizingitini, anakitazama kile kifurushi kikishuka mlima. Hakulia.